Amri Mbili kwa Mtoto wa Siku Nne

Mtoto alizaliwa Jumanne kabla ya adhuhuri, na saa hiyohiyo baba yake na shangazi yake walikuwa wamesimama dirishani kwa karani wa nyumba wakigombania jina lake. Hawakujua kwamba ameshazaliwa. Hawakujua hata kama ni wa kike au wa kiume. Baba alikuwa ameinamia fomu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza, na shangazi alikuwa ameibandika ile fomu mezani kwa kiganja chake kizima ili asipate pa kuandika.

"Ondoa mkono, dada."

"Siondoi."

Karani alikuwa akimenya chungwa, maganda anayapanga juu ya daftari la funguo. Hakuwa na haraka. Fomu hujazwa na wanaume na hucheleweshwa na wanawake, ndivyo alivyopenda kusema, na alikuwa na mpaka saa nane kabla ya kufunga dirisha.

Shangazi huyo pale kiwandani aliitwa Magadi. Kiwanda kilikuwa cha sabuni, na magadi makali ndiyo yanayotiwa kwenye mafuta mpaka yakageuka sabuni. Yakikurukia kabla hayajaiva yanakula ngozi. Watu wa mapipani walimpachika jina hilo zamani, nusu kwa sababu ya mikono yake iliyobabuka mpaka viwikoni, nusu kwa sababu ya ulimi. Siku hizi walikuwa wamemwondoa mapipani wakamweka kwenye mashine ya muhuri. Kutwa nzima alikanyaga pedeli, na kila akikanyaga, neno UPOLE linazama kwenye mche wa sabuni. Sabuni ya Upole. Wanawake walioifulia walikuwa wakijipaka mafuta ya nazi kutuliza mwasho. Neno lenyewe lilifutika kwenye maji ya pili, mwasho ukabaki, kwa hiyo kama kuna mtu duniani aliyejua uzito wa neno tamu lililogongwa juu ya kitu, alikuwa ni Magadi.

Habari ya majina ilianzishwa na mke wa mkurugenzi, mwanamke mwenye nafasi nyingi na shughuli chache. Inasemekana alisikia mahali kwamba jina humjenga mtoto, na badala ya kwenda kuwajenga wa kwake akaona aanze na wa wafanyakazi. Kila baada ya miezi mitatu, siku ya Jumamosi, ukumbi wa kupakia ulifagiliwa, katoni zikasukumwa ukutani, akaja na daftari lake la ngozi. Kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba za kampuni alipewa jina kutoka humo, na cheti, na katoni ya Upole. Si lazima. Tangazo lilisema waziwazi kwamba si lazima, kwa herufi nene. Ila nyumba za kampuni zilikuwa za namna mbili, safu ya chumba kimoja na safu ya vyumba viwili, na hajapata kutokea mtu akahamia safu ya vyumba viwili bila cheti cha jina. Hilo halikuandikwa popote. Magadi alilijua kwa kuwa alikuwa na tabia mbaya ya kuhesabu watu.

Na majina yenyewe sasa. Vumilia. Shukuru. Sihaba. Subira walikuwa wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Jioni, wazazi wa safu ya vyumba viwili wakitoka milangoni kuita watoto, ungedhani msimamizi wa zamu anasoma maagizo. Wee Vumilia, njoo ule. Shukuru, acha kumtemea mate Sihaba. Magadi alikuwa akipita pale makusudi, anasimama na ndoo yake kichwani, anacheka peke yake mpaka maji yanamwagika.

Mjukuu wa mkurugenzi alipozaliwa, tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa zamu, na chini ya jina wakaandika maana yake kwa wasiojua: Mshindi. Magadi alilibandua lile tangazo na alikuwa nalo mpaka leo, limekunjwa mara nne ndani ya kitambulisho chake cha kazi. Hakuwa mtu wa kusahau. Miaka kumi na tisa nyuma, watu wa mapipani waliandika karatasi ya kuomba glavu, majina thelathini na moja. Asubuhi yalibaki manne. Waliojifuta, wengine walijikata kwa kalamu, wengine wakalia mbele ya msimamizi, na mmoja, aliyekuwa wa kumi na moja kwenye orodha, alilikwangua jina lake kwa wembe taratibu mpaka karatasi ikatoboka. Ndiye huyu aliyekuwa akimenya chungwa. Hakukoroga tena pipa tangu wiki ile.

"Kumi na Moja," Magadi akamwambia, "jina gani mmempikia mara hii?"

Karani hakupenda kuitwa hivyo, lakini alishachoka kukataa. Alifungua orodha, akapitisha kidole chenye maji ya chungwa. Ridhika, akasema. Linakaa kwa wote, wa kike na wa kiume. Mke wa mkurugenzi mwenyewe amelichagua.

Magadi alicheka kicheko kimoja kikavu. Mdogo wake akatumia nafasi hiyo kuchomoa fomu, akaandika haraka haraka huku amempa mgongo. Ndipo simu yake ilipolia. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, kisha akasema ni wa kike, wazima wote wawili, na kalamu aliyoazimwa na karani ikamdondoka mkononi.

Yule mdogo mtu hakuwa mtu mbaya. Tuseme ukweli, ulaini ndio uliokuwa ugonjwa wake. Magadi alimlea tangu ana miaka mitano, akamsomesha, akamtafutia kazi ya kuchanganya mafuta, na alipooa, wote watatu wakaendelea kukaa chumba kilekile kimoja. Kitanda cha watu wawili, jiko la mafuta, masanduku mawili juu ya kabati lililotengenezwa kwa katoni za Upole, na katikati shuka la maua lililofungwa kwenye kamba. Nyuma ya shuka ndiko kulikokuwa kwa Magadi. Mume na mke walizungumza kwa kunong'ona miaka miwili. Wakitaka kugombana walitoka nje. Sasa kumeongezeka mtoto, na wa kulia usiku kucha, na dai la vyumba viwili halikuwa tamaa. Hata Magadi alilijua hilo. Alichokataa ni bei.

Ijumaa alasiri, mtoto ana siku nne, maneno yalianza upya. Mzazi alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, ananyonyesha. Katika siku zote hizo hakuwa amesema neno juu ya jina, na Magadi, ambaye hakuwa na subira na wanawake wanyamavu, alishamweka katika kundi la wale wa kujifuta kwa wembe. Mdogo wake alikuwa akipiga pasi shati la kuvaa kesho yake. Alisema kwa unyenyekevu wote kwamba mtoto ataitwa Ridhika kwenye cheti, na nyumbani watamwita wanavyotaka, hata Mama, hata Kidosho, nani atawachungulia.

Magadi alimwambia kwamba ndivyo hivyo wanavyoanza wote. Cheti ndicho kitakachompeleka shule, ndicho kitakachosomwa siku anaomba kazi, na kazi yenyewe ataiomba wapi kama si palepale. Msimamizi ataita Ridhika, naye ataitika.

"Kwani wewe si ndiye unayesema jina ni muhuri wa sabuni?" mdogo wake akauliza bila kuinua macho kwenye pasi. "Kila siku. Maji ya pili halipo. Basi liache liende na maji, sisi tubaki na vyumba."

 Magadi alikuwa amekamatwa kwa maneno yake mwenyewe, tena na mtu aliyefundishwa kusoma na yeye. Ni kweli aliyasema, na aliyaamini. Amewajua akina Baraka waliokufa na njaa na akina Amani waliopiga wake zao. Ameona wezi wakiitwa Mwaminifu. Alikuwa na hakika kwamba jina halimjengi mtu wala halimbomoi, na bado akilifikiria hilo Ridhika likigongwa juu ya kile kichwa kidogo, mkono wake wa kulia ulikuwa unakunja ngumi wenyewe. Hakupata la kujibu, na asiye na la kujibu hupandisha sauti. Akasema yeye ana jina lake, alilifikiria siku nyingi, na kama mtoto huyu ni damu yao ataitwa Kataa.

"Kataa?" mdogo wake akarudia.

"Kataa. Wote wakisema ndiyo, awepo mmoja."

Hapo ndipo mzazi alipomtoa mtoto kwenye ziwa, akamweka begani, akaanza kumpigapiga mgongo acheue. Alizungumza bila kupandisha sauti, kama mtu anayehesabu nguo za kufua.

"Wifi, mtoto ana siku nne. Ameshapewa amri mbili. Huko anaambiwa ridhika, hapa anaambiwa kataa. Hajamwona hata huyo wa kumridhia, hajamjua wa kumkatalia. Mbona hamkumngoja afumbue macho?"

Magadi alisema si kitu kimoja. Mzazi akasema kwake ni kimoja. Kisha akauliza, na swali lilikuwa la wote wawili, Jumanne walikuwa wapi. Hakungoja jibu. Akawaeleza yeye alikuwa wapi. Alikwenda hospitali peke yake na kapu lake, na alipoingia, nesi wa zamu ya usiku alikuwa ameshavua aproni, zamu imekwisha, mwenzake hajafika. Yule nesi akaivaa tena. Alikaa saa tatu ambazo si zake. Alimshika kiuno, alimtukana kidogo alipotaka kusukuma kabla ya wakati, akatoka kwenda kutafuta maji ya moto mwenyewe kwa sababu hapakuwa na wa kutuma. "Na nyinyi mlikuwa dirishani kwa Kumi na Moja," akamaliza. "Mnagombania jina la mtu ambaye mimi nilikuwa bado namtoa."

Pasi iliunguza shati. Mdogo mtu aliinyanyua, akaitazama ile alama ya kahawia mgongoni mwa shati. Magadi naye alisimama, akaenda nyuma ya shuka lake. Mtoto akacheua.

Baadaye mzazi alisema kesho atakwenda ukumbini, na jina la mwanawe atalitaja mwenyewe. Mumewe aliulizia, kwa sauti ya kunong'ona ya miaka miwili, ni jina gani. Mkewe akamrudisha mtoto kwenye ziwa.

Jumamosi ukumbi ulinukia mafuta ya mawese na manukato. Wafanyakazi walikuwa wamesimama kufuata zamu, na mbele, kwenye jukwaa la mbao za kubebea mizigo lililofunikwa zulia, mke wa mkurugenzi alikuwa amekaa na daftari lake. Alianza kwa hotuba. Alisema jina ni mbegu. Alisema mtoto ukimwita vizuri atakuwa vizuri, na kwamba yeye analala usingizi mzuri akijua kuna watoto thelathini na wanane wanaokua katika nyumba za kampuni wakiwa na maana. Karani alipiga makofi kwanza, ili wengine wajue ni wakati.

Walikuwa wazazi wanne. Wa kwanza alipewa jina, akalitamka kwenye kipaza sauti mara tatu kama ilivyo desturi, akachukua cheti na katoni. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mpakiaji aliyekuwa akilia kidogo, na mke wa mkurugenzi alifurahi, akadhani ni furaha. Kabla wa nne hajaitwa, Magadi aliinua mkono kutoka safu ya mashine ya muhuri. Ule mkono uliobabuka ulionekana vizuri juu ya vichwa vya watu.

Alisema ana swali dogo, la kujifunza tu. Akakunjua karatasi kutoka kwenye kitambulisho chake. Akauliza kama mjukuu wa mama, yule aliyetangazwa ubaoni, naye ni Ridhika au ni jina jingine.

 Karani alianza kusogea, lakini mke wa mkurugenzi alimzuia kwa kidole. Alikuwa mwanamke aliyezoea kujibu. Akatabasamu, akasema Mama Magadi, tusikuze mambo, jina ni jina tu, maana yake haina uzito kiasi hicho.

Na hapo lile jibu lililomkimbia Magadi Ijumaa likamjia lenyewe, zima, limeiva.

"Kama halina uzito, mama, mbona mnalinunua kwa vyumba viwili?"

Mtu mmoja alicheka upande wa mapipani. Akakohoa kukificha kicheko, akaharibu zaidi. Kikafuata cha pili, kikafuata kishindo, na msimamizi wa zamu alijikuta akitazama dari. Mke wa mkurugenzi hakutabasamu tena. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akamwita mzazi wa nne kwa namba ya chumba chake.

Mzazi alipanda jukwaani na mtoto kifuani. Mumewe alibaki chini, amevaa koti kwenye joto lile ili kuficha mgongo wa shati. Mke wa mkurugenzi alimsomea jina, Ridhika, akamsogezea kipaza sauti alitamke mara tatu.

Mzazi alitamka jina jingine. Alilitamka mara moja tu, lakini vizuri, kila silabi mahali pake. Lilikuwa ni jina la nesi. Halitaandikwa hapa, maana wasomaji nao ni binadamu, watakimbilia kutafuta lina maana gani.

"Lina maana gani?" mke wa mkurugenzi akauliza.

"Sijui, mama."

"Umempa mtoto jina usilolijua maana?"

"Namjua mwenyewe mwenye nalo. Maana sikumuuliza, sikuwa na nafasi. Nilikuwa nazaa."

Safari hii walicheka hata wanawake wa safu ya vyumba viwili, wale waliokuja na akina Vumilia wao mkononi. Mzazi hakucheka. Aliteremka taratibu, anatazama anapokanyaga, na alipita mbele ya katoni yake ya Upole bila kuitazama. Karani alitoa kalamu na kukata mstari kwenye orodha. Alikuwa na mazoea na kazi hiyo.

Njiani kurudi mdogo mtu alitangulia mbele hatua kumi, mikono mifukoni. Magadi alikuwa anapepea. Miaka kumi na tisa alikuwa hajaonja kitu kitamu namna ile. Alimwambia wifi yake kwamba amewaweza, kwamba amewatia adabu, kwamba watu wa mapipani watasimulia mpaka wastaafu. Alisema mambo mengi, mengine alirudia. Walipofika mlangoni mzazi aligeuka.

"Usinipongeze, wifi. Sikufanya kwa ajili yako." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Na ile nyumba imekwenda. Utacheka wewe leo, lakini usiku nani atatoka nje na mtoto ili ninyi wa zamu ya asubuhi mlale? Kukataa chumba cha mwenzako ni rahisi sana."

Aliingia ndani. Magadi alibaki amesimama pale nje na karatasi yake ya Mshindi mkononi. Katika maisha yake yote alikuwa ametukanwa na wasimamizi watano, wakurugenzi wawili na karani mmoja, na hakuna tusi lililompata barabara kama lile, kwa sababu halikuwa tusi. Aliwadharau waliojifuta kwa wembe kwa kuwa walinunua usalama wao kwa mikono ya wengine. Sasa akajiangalia. Kitanda chake, nyuma ya shuka la maua, kilikula theluthi ya chumba. Miaka miwili alikuwa akipigania heshima ya familia hii akiwa amelala katikati yake.

Hakutaka hata kidogo kuwa mtu mzuri. Mambo ya watu wazuri yalimchosha. Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu iligoma kutoka upande wake.

Kabla jua halijazama alifungua kamba, akalikunja shuka. Alivuta sanduku lake kutoka juu ya kabati, akakitoa kitanda chake nje, akafunga godoro kwa ile kamba. Mdogo wake aliuliza anakwenda wapi, akajibu kwamba anakwenda asikosikia watu wakinong'ona. Yule mpakiaji aliyelia ukumbini alikuwa na dada yake mkubwa, mtu wa mashine ya muhuri kama Magadi, aliyekaa peke yake milango minne mbele. Mdogo mtu alitaka kumzuia, akashika upande mmoja wa godoro. Magadi akamwambia ama abebe ama aachie. Alibeba.

Mzazi alikuwa amekaa palepale kitandani. Alitazama ile theluthi ya chumba iliyobaki wazi, sakafu yake imeacha alama ya miguu ya kitanda. Hakushukuru. Alisema tu kwamba kesho asubuhi anakwenda kuoga kabla ya saa moja, na mtoto atahitaji mtu wa kumshika. Magadi alisema amesikia.

Mwenyeji wake mpya alikuwa mwanamke mnene mwenye maswali. Hata godoro halijatua sakafuni, alishauliza habari za ukumbini, na Magadi akamweleza kwa kifupi, kwa uchovu, bila kutia chumvi. Mwanamke akataka kujua hilo jina. Magadi alimtajia.

"Jina zuri," mwanamke akasema. "Lina maana gani?"

"Maana yake akiitwa, ageuke," Magadi akasema. "Sogea nitandike."